Mdogo wangu alivunjika mguu, mfupa umeunga, lakini vidonge vya maumivu havimtoki. Watu wa Kusini naombeni msaada

#1 DadaWaChuno
Habari zenu. Niko Mtwara mjini, Chuno. Naomba mnisome mpaka mwisho maana jambo hili linaninyima usingizi.

Mdogo wangu wa mwisho ana miaka 17, yuko kidato cha tatu. Mwezi wa nne alipanda bodaboda kutoka Mikindani, wakateleza kwenye mchanga, ugoko wa kulia ukavunjika, mifupa yote miwili. Alifanyiwa upasuaji akawekewa chuma. Jina la hospitali silitaji, waliuokoa mguu wake na ninawashukuru. Siku ya kuruhusiwa tulipewa bahasha ya kaki ya dawa, imeandikwa kwa kalamu: Tramadoli 1x3. Basi. Siku ngapi, hakuna. Lini aache, hakuna. Zilipoisha akasema mguu bado unauma, mama akanituma dukani. Nimenunua mimi mwenyewe kwa mkono wangu, mara nne, na hakuna aliyeniuliza cheti.

Magongo aliyaacha mwezi wa nane. Anatembea, anapanda ngazi. Jumamosi nilikuwa nafua ile bandeji ya kuvuta anayofunga mguuni, nikasikia kitu kinakwaruza beseni. Kumbe ndani amekunja karatasi za vidonge, zimekunjwa ndogo kabisa kama mtu anavyokunja noti ya kuficha. Nikazihesabu kitandani: tisa, za vidonge kumi kumi, zote tupu. Anasema ni za wiki mbili. Pesa alizitoa kwenye malipo ya mama ya korosho ya mnada wa kwanza.

Nikimbana anasema, "Dada, mguu unauma," na analia kweli. Nimemlea, kilio chake cha uongo nakijua, na hiki sicho.

Sasa swali langu: haya ni maumivu au ni ulevi? Na nani hapa alitakiwa kutuambia, akanyamaza?

#2 Kijiwe_Magomeni
Pole sana dada. Ila usijitie presha. Tramadoli si dawa ya kulevya, ni ya maumivu tu, kama diklopa ila ina nguvu zaidi. Huku kwetu vijana wanaopakia magunia ya korosho ghalani wanameza sana msimu huu, mtu anabeba kutwa nzima bila kusikia mgongo. Atachoka nayo mwenyewe.

#3 MfamasiaKusini
Kijiwe, hapo umepotosha na ninakusahihisha mapema kabla mtu hajaenda na hilo.

Diklopa inazuia uvimbe pale pale ulipo. Tramadoli inafanya kazi kwenye ubongo na uti wa mgongo, inakaa kwenye vipokeo vile vile vinavyokaliwa na morfini na heroini. Ni opioidi. Nguvu yake ni ndogo kuliko morfini, ndiyo maana watu wengi waliichukulia kama dawa salama, lakini ukoo ni ule ule. Pamoja na hayo inapandisha kemikali nyingine za ubongo zinazogusa hisia, ndiyo maana mtu anajisikia mchangamfu, hana woga, anabeba gunia. Mwili unaizoea. Kilichotosha wiki ya kwanza hakitoshi wiki ya sita.

Dada, hesabu yako: vidonge 90 kwa siku 14 ni sita na nusu hivi kwa siku. Kama ni vya miligramu 50, ni kama 320 kwa siku. Kikomo cha mtu mzima ni 400. Mdogo wako yuko karibu na dari, na hii ni kama amekutajia siku za kweli.

Kuhusu kununua: dawa hii ni ya cheti cha daktari. Duka la dawa muhimu halina ruhusa kabisa ya kuiuza, na famasi haitakiwi kuitoa mkononi bila cheti. Aliyekuuzia mara nne alikosa mara nne. Wewe hukuwa unajua.

#4 Mzee_Nanguruwe
Binti yangu pole. Mimi niseme nilichosikia: hiyo ni dawa ya ng'ombe. Wanapewa ng'ombe wa kulimia wasisikie jua.

La pili, sisi tulipokwenda jandoni tulifundishwa maumivu. Ukikatwa hulii. Ukirudi nyumbani hata ukiteguka bega unanyamaza, unakandwa maji ya moto, unasubiri. Watoto wa siku hizi jando wanafanyiwa hospitalini na ganzi, wakirudi hawajui maumivu ni kitu gani. Akiumia kidogo anatafuta kidonge. Hapo ndipo tatizo lilipoanzia.

#5 MfamasiaKusini
Shikamoo mzee wangu. La ng'ombe lina mzizi wake ila limegeuzwa. Tramadoli ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1962 na kampuni ya Grünenthal, ikaanza kuuzwa 1977, kwa ajili ya watu. Kilichotokea ni kaskazini mwa Kameruni: mwaka 2013 watafiti walitangaza kwamba wameikuta ndani ya mizizi ya mti wa porini, ikawa habari kubwa. Baadaye wengine wakaonyesha kwamba ilitoka kwa wakulima: walikuwa wanaimeza wenyewe na kuwapa ng'ombe wao ili wavumilie jembe na jua, mikojo ikaingia ardhini, mti ukaifyonza. Kwa hiyo ng'ombe wapo kwenye hadithi, lakini waliipata kwa binadamu.

#6 Kijiwe_Magomeni
Nimesahihishwa nimekubali, asante mkuu. Habari ya mti kunywa tramadoli nitaipeleka kijiweni leo hii.

#7 NesiWaZamu
Dada wa Chuno, nimeisoma hiyo "1x3" yako nikaona aibu, maana nimeiandika mara nyingi mno. Si hapo mlipotibiwa, ni wodi nyingine, lakini bahasha ni zile zile.

Niwaeleze inavyokuwa. Wodi ya mifupa ya wanaume msimu huu imejaa: bodaboda, walioanguka mkorosho, walioanguka mnazi. Zamu ya usiku mko wawili. Asubuhi daktari anapita haraka, anaruhusu watu wanane. Wanane hao kila mmoja anataka karatasi, anataka bili, ndugu wanasubiri bajaji nje. Unamwambia "meza moja asubuhi, moja mchana, moja usiku," unampa. Neno la kuacha halitoki kwa sababu hakuna aliyetufundisha kwamba kuacha nako kunahitaji maelekezo. Kwa amoksilini tunasema "maliza dozi," na mgonjwa anabeba maneno hayo hayo mpaka kwenye tramadoli. Anaimaliza. Ikiisha na mguu bado unauma, anaona dozi haijaisha.

Mtoto wa miaka 17 wodi ya wakubwa hakuna anayemuuliza umri wake mara mbili. Anameza dozi ya baba zake.

#8 BodaMkanaledi
Naandika hapa kwa sababu mimi ndiye huyo mdogo wako dada, miaka minne iliyopita.

Nilikuwa na miaka 18. Nilivunjika paja, nikakaa na antena miezi mitatu, zile fito za chuma zinazotoka nje ya mguu. Usiku ndio mbaya. Nyumba nzima imelala, unasikia jenereta ya jirani, unasikia mguu unapiga kama moyo. Kidonge kikiingia, baada ya nusu saa mguu unakuwa kama wa mtu mwingine aliyelala pembeni yako. Sikutafuta stimu. Nilitafuta kulala.

Antena ikatolewa, nikajaribu kuacha. Siku ya pili nikaanza kupiga miayo mfululizo, miayo ya kutoa machozi. Makamasi. Vipele vya baridi wakati ni mchana wa Mtwara, jua la Januari. Tumbo likaachia. Miguu yote miwili, hata ule mzima, inarusharusha kitandani, huwezi kuilaza mahali ikatulia. Na lile paja likauma kuliko siku niliyovunjika. Nikameza kimoja, ndani ya saa moja yote yakakoma. Sasa mwenye akili yake atasema nini hapo? Nilisema, kumbe bado sijapona mguu. Nilijidanganya hivyo mwaka mzima na nilikuwa naamini.

Ile hali mateja wanaiita arosto. Nilipoambiwa jina hilo nilikasirika. Arosto ni ya watu wa unga, mimi nilikuwa mgonjwa wa mguu.

Kwa hiyo dada, akisema mguu unauma anasema kweli. Unauma. Swali ni unaumizwa na nini.

#9 DadaWaChuno
Kaka wa Mkanaledi, miayo. Nimeiona hiyo miayo. Nilimwambia anakesha kwenye simu.

#10 Mwl_Tandahimba
Habari za jioni wadau. Niongeze upande wa shule, maana naona mmekaa kwenye kidonge peke yake.

Nina kijana niliyemfundisha, beki wa kulia, mzuri haswa. Alikuwa anategemewa UMISSETA, mashindano ya michezo ya sekondari, akaumia goti wiki mbili kabla. Wenzake wakaondoka na basi, yeye akabaki bwenini na mguu kwenye ndoo. Timu iliporudi ilikuwa na nyimbo, na majina mapya. Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyemtenga, waliacha tu kumwita. Kijana huyu alianza vidonge kwa ajili ya goti lakini kilichomuweka kwenye vidonge, kwa macho yangu, ni hayo majira ya saa kumi jioni wakati wenzake wako uwanjani naye yuko darasani peke yake. Goti lilipona. Namba haikurudi.

Kijana akiumia anapoteza mguu, anapoteza nafasi, anapoteza marafiki, anapoteza masomo ya muhula mzima, vyote mara moja, na sisi tunatibu mguu. Huyu wa dada alikosa shule kuanzia mwezi wa nne, sasa mitihani ya mwisho wa mwaka inamkabili hajui lolote. Hebu muulizeni kama hofu hiyo nayo si sehemu ya anachokimeza.

#11 Kijiwe_Magomeni
Mwalimu umegusa pazuri. Ila bwana hujaweka nukta mahali, nimesoma pumzi ikaniishia 😀

#12 BintiMchinga
Mimi natokea Lindi, Mchinga. Kwetu ilikuwa kwa mdogo wangu wa kike, miaka 16. Watu mnasema vijana mkifikiria wavulana tu.

Alianguka kwenye netiboli, kifundo cha mguu kikapasuka, akafungwa plasta ngumu ya P.O.P wiki sita. Tukapewa hizo tramadoli. Shangazi yetu naye alikuwa nazo za mgongo, zimekaa juu ya friji ndani ya kopo la Blue Band. Mtoto akawa anachukua za kwake na za shangazi. Hakuna aliyehesabu. Siku moja baada ya magharibi akadondoka jikoni, macho juu, povu, anatetemeka mwili mzima. Nyumba ikajaa watu. Kila mtu alisema jini. Tukasoma, tukafukiza ubani, tukampeleka kwa mtu huko bara akaandikiwa kombe. Akadondoka tena baada ya wiki. Ilikuwa hospitali ndipo daktari mdada akauliza swali moja tu: "Anatumia dawa gani?" Tukaangaliana.

Hajadondoka tena tangu alipoachishwa. Lakini hapo mtaani jina la mwenye jini limemganda, na posa moja imeshapotea kwa sababu hiyo.

#13 Mzee_Nanguruwe
Mjukuu wangu, sikatai hospitali. Lakini majini yapo na wenye kuyajua wapo. Inawezekana dawa ilifungua mlango tu, kilichoingia kikawa kingine. Mnapenda kila kitu kiwe na sababu moja.

#14 BintiMchinga
Babu shikamoo. Sibishani nawe. Ninachosema, tulipoteza wiki nzima kabla ya kuulizwa swali hilo moja.

#15 MfamasiaKusini
Hilo la kuanguka watu walijue, kwa sababu morfini na kodeini hazifanyi hivyo kwa kiasi hiki. Tramadoli inashusha kizuizi cha degedege kwenye ubongo. Dozi kubwa, au dozi ya kawaida ikichanganywa na baadhi ya dawa za sonona, au mtu mwenye asili ya kifafa, anaweza kupata degedege akiwa hana historia yoyote. Ukimkuta kijana amedondoka hivyo, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, muwahishe, na nenda na karatasi za dawa zote zilizomo ndani ya nyumba.

Kubwa zaidi ni kupumua. Opioidi zote zinapunguza kasi ya pumzi, na pombe nayo inapunguza. Msimu huu wa mabibo ndio ninaouogopa. Uraka, ile pombe ya mabibo, kikombe kimoja, nipa, ile gongo yake, kidogo, halafu vidonge vinne, mtu analala na hakoromi tena. Dawa ya kuzuia madhara hayo ipo, naloksoni, lakini ni ya hospitali, na kwa tramadoli inarudisha sehemu tu.

#16 Kijiwe_Magomeni
Uraka tena? Uraka sisi tunauona kama juisi mkuu, mama zetu wametulea nao. Na ule wa Newala mtamu kuliko wa mjini, hili halina mjadala. Ila nipa ninakuunga mkono, na ghalani nimewaona wanaochanganya. Kuna mmoja wiki iliyopita alilala juu ya magunia tukadhani amechoka, tukamwacha hadi saa tatu usiku. Alikuja kuamshwa na maji. Nimekumbuka sasa hivi nikisoma hapa, mikono imelegea.

#17 KalamuNewala
Uraka wa Newala ndio uraka, asante kwa kulitambua.

Kwenye mada: nasimama upande ambao hakuna aliyesimama. Mnaifanya hii dawa itishe kiasi kwamba kesho nesi atawanyima wagonjwa kwa woga. Marehemu baba yangu alikuwa na saratani. Maumivu ya mfupa. Morfini ya maji, ile inayochanganywa Ocean Road, ilikuwa Dar es Salaam, na sisi tulikuwa Newala. Zaidi ya kilomita 500. Kwa wiki tano alikuwa anang'ata kona ya shuka. Ile shuka mama hajaitupa mpaka leo, ina matundu. Mtu akiniambia dawa za maumivu zimezidi Kusini, sitamwelewa. Kwetu zimepungua. Zilizozidi ni zile zisizo na cheti.

Na huyu mtoto wa Chuno, kabla hamjampa jina la teja, kuna aliyempiga picha tena? Chuma kinaweza kulegea. Mfupa unaweza kuunga vibaya. Usaha unaweza kukaa ndani kimya kimya. Miezi saba bado anasema unauma, na wengi hapa mmeshajibu kwamba ni dawa.

#18 BodaMkanaledi
Kalamu, pole kwa mzee. Na hilo la picha una haki kabisa. Mimi sikupigwa.

#19 NesiWaZamu
Naunga mkono #17. Picha kwanza. Mfupa wa ugoko mara nyingi huchukua kati ya miezi mitatu na sita kushika, kwa vijana huwa mapema zaidi. Miezi saba na maumivu ya kutolala lazima aonwe. Angalieni pia kama kuna joto, wekundu, au usaha kwenye kovu.

#20 MtoroWaIlulu
Nimepita nikasema nami nichangie. Haya yote Marekani walishayapitia. Kampuni ya Purdue Pharma walitoa OxyContin, kidonge cha maumivu cha ukoo huo huo wa opioidi, mwaka 1996 wakawaambia madaktari kwamba hailevyi kirahisi. Mwaka 2007 kampuni ikakiri mahakamani kosa la kuinadi kwa udanganyifu. Katikati hapo watoto wa shule walikuwa wanaandikiwa wakiumia mpirani au wakitolewa magego. Mwaka 2016 ndio CDC, kituo chao cha kudhibiti magonjwa, ikatoa mwongozo: siku tatu zinatosha, zaidi ya saba ni nadra. Kwa hiyo huyo mtoto alitakiwa kupewa siku tatu tu, hospitali yetu imekosea wazi.

#21 MfamasiaKusini
Tarehe zako ziko sawa mkuu, hitimisho ndilo lina tatizo. Mwongozo ule wa 2016 uliandikwa kwa watu wazima, na hizo siku tatu zilihusu maumivu ya ghafla yasiyotokana na upasuaji wala ajali. Mtoto aliyevunjika mifupa miwili na kuwekewa chuma hayumo humo. Kinachomhusu zaidi ni hiki: Aprili 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilikataza tramadoli kwa watoto chini ya miaka 12, na kwa walio chini ya 18 baada ya kukatwa mafindofindo, na ikatahadharisha kwa wa miaka 12 hadi 18 walio wanene au wenye shida ya kupumua usingizini. Hata Shirika la Afya Duniani mwongozo wake wa 2012 kwa watoto wenye maumivu ya muda mrefu, ambao ulifutwa 2019, ulishaiondoa kodeini: parasetamoli na ibuprofeni kwanza, yakiwa makali sana morfini kwa kipimo.

#22 TabibuKijana
Sababu ya hilo katazo la 2017 inavutia na hakuna aliyeigusa. Tramadoli ikimezwa inapita kwenye ini, na kimeng'enya kinachoitwa CYP2D6 kinaigeuza kuwa kitu chenye nguvu kuliko yenyewe. Watu tunatofautiana kwa kuzaliwa. Kuna ambao ini lao linageuza upesi mno, kidonge kimoja kwao kina nguvu kuliko kwa wengine. Ethiopia imeripotiwa kwamba karibu watu 3 kati ya 10 wana asili hiyo. Kuna wengine ini haligeuzi, wanameza na maumivu yako pale pale, wanaongeza.

Kwa hiyo ndugu wawili, ajali moja, bahasha moja ya 1x3, mmoja anapitiliza na mwingine hapati nafuu. Jando na malezi havihusiki hapo, mzee wangu, kwa heshima zote.

#23 Mzee_Nanguruwe
Nimekusikia daktari. Lakini ini lilikuwepo hata zamani zetu. Kidonge ndicho hakikuwepo.

#24 Mwl_Tandahimba
Mzee amesema kitu hapo.

#25 Kijiwe_Magomeni
Jamani aliyemuuzia tumemsahau. Dada taja duka.

#26 DadaWaChuno
Duka sitalitaja hapa, na tafadhali msinilazimishe. Nimeshapiga 119, ile namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, nimeeleza yote nikiwa nimekaa uani ili mama asinisikie. Inatosha.

Nimewasoma wote. Jana usiku nilimwonyesha mdogo wangu ile #8, sikumwambia neno, nilimpa simu tu. Alisoma mara mbili. Akaniuliza, "Huyu kaka anaendesha bodaboda mpaka leo? Mguu wake ukoje?" Ni mara ya kwanza tangu mwezi wa nane kuuliza habari za mtu mwingine. Halafu akatoa vingine, kumi na nne, vilikuwa ndani ya kiatu cha mpira alichokuwa anavaa kabla ya ajali. Cha kulia.

Nilitaka kuvitupa chooni palepale. Je, nivitupe?

#27 BodaMkanaledi
Usitupe dada! Mimi nilitupiwa na mama, ndani ya siku mbili nilikuwa nimeiba redio. Ukimkatia ghafla atavitafuta mahali pabaya zaidi. Vifungie wewe, funguo ulale nayo, mpe kama alivyozoea mpaka aonane na daktari. Mimi niliachishwa kwa kupunguziwa kidogo kidogo, ilichukua karibu miezi miwili. Naendesha, ndiyo. Mguu unakaza asubuhi za baridi, basi. Mwambie aje Mkanaledi anione, au nije mimi.

#28 TabibuKijana
Yuko sahihi, kuacha ghafla kwa kiwango hicho si salama. Lakini asikae na hizo kumi na nne bila daktari hata wiki. Kwa sita na nusu kwa siku ni siku mbili hizo. Kesho asubuhi nendeni hospitali, ombeni mambo mawili siku moja: picha ya mguu, na kuonwa kitengo cha afya ya akili. Mkiambiwa mchague kimoja, kataeni. Nendeni na zile karatasi tisa.

#29 KalamuNewala
Na picha ikitoka safi msimcheke kwamba alikuwa anadanganya.

#30 DadaWaChuno
Tumerudi saa tisa hii. Samahani naandika haraka, mama anapika na sijamwambia yote.

Chuma kimekaa vizuri, mfupa umeshika. Ila skrubu moja ya juu, karibu na goti, imejitokeza kidogo, daktari wa mifupa alibonyeza pale mtoto akaruka. Akasema hiyo inaweza kuuma kweli, wataangalia kuitoa mwakani. Kitengo kingine wakasema dawa nayo imemshika. Nikauliza, kwa hiyo ni kipi? Kila mmoja alinijibu la kwake.

Tumepewa dawa za siku saba tu, na turudi kabla hazijaisha. Niliomba kalamu nesi aandike upya kwenye bahasha. Ameandika kila siku mstari wake, Jumatano hadi Jumanne, na idadi mbele yake, inaanzia sita. Mdogo wangu alikaa na ile bahasha kwenye bajaji njia nzima, anaisoma.

Mzee Nanguruwe, anakusalimia. Anauliza mlikandwa na maji ya moto ya nini hasa, au yalikuwa na majani ndani.

#31 Mzee_Nanguruwe
Mwambie marahaba. Majani ya mbono yalikuwemo. Ila pale kwenye skrubu asikande, kwanza amuulize daktari wake.